Wazee wanabishana na kiwanda hakipo: nimwamini nani?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Nimekulia katika mji wa viwanda. Baba yangu alikuwa mfumaji kwa miaka 22 katika kiwanda cha nguo, na leo mahali pale pamebaki uwanja mtupu uliozungushiwa ukuta. Tangu mwaka jana nawarekodi baba na wenzake, pamoja na akina mama waliokuwa na maduka nyuma ya kiwanda. Shida ni kwamba hawakubaliani. Mmoja anasema kiwanda kilifungwa siku moja, ghafla. Mwenzake anasema kilikufa taratibu kwa miaka. Kuna duka la vitambaa ambalo kila mtu analiweka kwenye kona yake. Na baba anausimulia mgomo mmoja kana kwamba ulitokea mwaka ule wa kufungwa, ilhali nimeukuta kwenye gazeti la zamani, miaka minne kabla. Nimwamini nani? Au hizi ni hadithi za wazee tu, za kusikiliza kwa heshima na kuziacha hapo?"

Ndugu yangu, usiziache hapo. Na lile gazeti, kama hujamwonyesha baba, lifiche kwanza. Utalitoa, lakini si sasa. Ile miaka minne unayoiona kama tatizo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote ulivyokwisha kuandika kwenye daftari lako, na ningesikitika ukiisahihisha kabla hujaielewa.

Nikueleze kisa ambacho watu wa kazi yangu ya kurekodi kumbukumbu hukirudia sana, kwa sababu kinafanana na chako mno. Italia kuna mji wa chuma uitwao Terni. Tarehe 17 Machi 1949 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma walitoka kazini kwenda kwenye mkutano wa kupinga nchi yao kuingia NATO, mkataba wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Wakakabiliana na polisi, na katika purukushani hiyo akauawa kijana wa miaka 21, Luigi Trastulli. Tarehe haina utata. Lakini mtafiti Alessandro Portelli alipokwenda kuwahoji wazee wa mji ule miaka ya 1970, wengi wao walimweleza kwamba Trastulli aliuawa mwaka 1953, katika ghasia zilizozuka kiwanda kilipowaachisha watu kazi kwa wingi.

Portelli angeweza kuandika pembeni "wamekosea" na kuendelea na safari. Hakufanya hivyo. Alijiuliza kwa nini watu wengi namna ile wakosee kuelekea upande mmoja. Jibu alilolipata ni kwamba kifo cha kijana yule mwaka 1949 kiliuacha mji na kidonda mara mbili: mwenzao ameuawa, na wao hawakuwa na la kufanya. Mwaka 1953, walipopoteza kazi, waliingia mitaani na kupambana. Kwa hiyo kumbukumbu ikakihamisha kifo na kukipeleka mahali penye uzito unaolingana nacho. Amekufa akitetea kazi za watu, si kwa ajili ya mkataba wa kimataifa. Tarehe ilikosewa, lakini kosa lile likasema jambo ambalo hakuna gazeti lililoliandika.

Hapo ndipo ninapopata kipimo ninachokitumia kila mara. Watu kumi wakikosea mwaka, na kila mmoja akaangukia mwaka wake, huko ni kusahau kwa kawaida. Tafuta hati usahihishe. Watu kumi wakikosea na wote wakaegemea upande uleule, simama hapo hapo. Kuna kitu kinavuta. Nenda kawaulize wenzake baba kuhusu mgomo ule, mmoja mmoja, bila kuwatajia mwaka. Ukiwakuta nao wameusogeza hadi karibu na kufungwa, utajua kwamba kwao mgomo na kufungwa ni habari moja: huenda wanaamini mgomo ndio uliokiua kiwanda, huenda wanaamini walionya na hawakusikilizwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ni wao tu wanaoweza kukuambia lipi ni lipi.

Sasa kuhusu kufungwa kwenyewe. Ugomvi wa "siku moja" dhidi ya "taratibu" nimeukuta kila nilikoketi na wastaafu wa viwanda, na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Tatizo limo ndani ya neno "kufungwa". Kiwanda hakina mlango mmoja unaofungwa mara moja. Kuna siku mtambo wa mwisho ulipozimwa. Kuna siku barua zilipotolewa, siku kiinua mgongo kilipolipwa au kilipokataliwa, siku mashine zilipopakiwa kwenye malori, siku mlinzi wa mwisho alipoondoka getini, siku tingatinga lilipoingia. Fundi mitambo aliyebakizwa kutunza boila anaweza kuwa alitoka miaka miwili baada ya mfumaji. Kibarua wa siku alikuwa ameshaondolewa zamani, bila barua wala sherehe, na kwake kiwanda kilifungwa siku aliyofika getini akaambiwa hakuna kazi.

Tazama mgodi wa Zollverein kule Essen, Ujerumani. Makaa yaliacha kuchimbwa Desemba 1986, lakini kiwanda jirani cha koki, yaani makaa yaliyookwa kwenye tanuru, kiliendelea hadi 1993. Mtu wa shimoni na mtu wa tanuru wakikutana leo watakupa miaka miwili tofauti, na wote wawili watakuwa sahihi. Au kiwanda cha magari cha Packard huko Detroit, Marekani: magari yaliacha kuundwa pale katika miaka ya 1950, sehemu za majengo zikatumiwa na biashara ndogondogo kwa miongo kadhaa baadaye, na kazi ya kuyabomoa ikaanza 2022. Mtoto aliyezaliwa jirani mwaka 1970 anakikumbuka kiwanda ambacho hakikuwahi kuunda gari hata moja maishani mwake. Je, anadanganya akisema "nakikumbuka"? Hata kidogo.

Kwa upande mwingine, ipo siku moja inayoweza kumeza miaka. Huko Youngstown, katika jimbo la Ohio, Marekani, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza tarehe 19 Septemba 1977 kwamba inafunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakawa wanapoteza kazi. Ilikuwa Jumatatu, na mpaka leo mji mzima unaiita Jumatatu Nyeusi. Viwanda vingine vya chuma vya bonde lile vilifuata kimoja baada ya kingine katika miaka iliyokuja, lakini ukimuuliza mkazi lini mji wake ulikufa, atakutajia Jumatatu ile. Kwa hiyo anayekuambia "ghafla" anakumbuka tangazo. Anayekuambia "taratibu" anakumbuka vipuri vilivyoacha kuagizwa, zamu ya usiku iliyofutwa, taa za ukumbini zilizozimwa nusu. Swali lako lisiwe "kilifungwa lini". Muulize kila mmoja: "Wewe ulijuaje kwamba kimekwisha?" Utashangaa jinsi watu wanavyonyamaza kwanza, kisha wakakujibu kwa kitu kimoja kidogo sana. Mama mmoja aliniambia alijua siku alipoona msimamizi anaondoka na saa ya ukutani chini ya kwapa.

Nataka uelewe kidogo jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, kwa sababu itakuokolea masaa mengi ya mahojiano. Mtu hahifadhi maisha yake kwa kalenda. Mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs, aliyefia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945, alishikilia kwamba tunakumbuka kwa kuegemea wenzetu na mahali tulipokuwa pamoja. Ukuta, geti, ngazi, benchi la mapumziko, vyote ni vigingi ambavyo kumbukumbu imefungwa. Kiwanda kikibomolewa, vigingi vinang'olewa, na wenzetu nao wanahama au wanafariki. Baba yako hajachanganyikiwa. Amepokonywa alichokuwa ameegemea.

Halafu kuna jambo la umri. Watafiti wa kumbukumbu wamelithibitisha mara nyingi: mtu mzima akiulizwa habari za maisha yake, yale ya kati ya miaka 10 na 30 hivi hujitokeza kwa wingi kuliko ya baadaye. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 19 atakusimulia wiki yake ya kwanza kiwandani hadi rangi ya kitambaa cha kwanza kilichoharibika mikononi mwake, na miaka yake kumi ya mwisho ataipita kwa sentensi mbili. Usidhani anaficha. Ila ujue kwamba miaka ya mwisho, ambayo ndiyo miaka ya kufa kwa kiwanda, utaipata vizuri zaidi kwa waliokuwa vijana wakati huo. Watafute. Mara nyingi hakuna anayewahoji kwa sababu hawajazeeka vya kutosha.

Kwa hiyo acha kuuliza miaka. Uliza vitu vinavyojulikana na mwili na familia. Mtoto wako wa kwanza alikuwa ameanza kutembea? Ulikuwa unatoka zamu kukiwa na giza au mwanga? Mlikuwa mnaishi nyumba ipi? Mwaka utaupata mwenyewe baadaye kwa kuhesabu, na utakuwa na uhakika zaidi kuliko angekutajia yeye.

Na mwache aonyeshe kwa mikono. Mfumaji ukimuuliza kazi yake ilikuwaje, atakujibu "ilikuwa ngumu". Mwambie asimame aunganishe uzi uliokatika, kama vile mtambo uko mbele yake, nawe uwe unarekodi video. Mikono inakumbuka hatua ambazo mdomo umezipoteza. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, kelele za mitambo ya kufumia zilikuwa kubwa kiasi kwamba wanawake walizungumza kwa kusoma midomo, wakiitamka kila silabi kwa kuinyoosha, na waliendelea kuongea hivyo hata wakiwa mtaani, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya barabara. Walikuwa pia na desturi ya kufyonza uzi kwa mdomo kuupitisha kwenye tundu la chombo kinachobeba mshindio, uzi unaopita kukingama kitambaani. Chombo kilekile kilipita vinywa vya watu wengi, pamoja na mate na magonjwa yao. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1911. Mambo kama haya humo kwenye daftari la mahesabu la kiwanda huyakuti. Yamo mikononi na midomoni mwa wazee wako, na yatakwenda nao.

Sasa maduka, ambayo mimi nayapenda kuliko viwanda, na ambayo watu wanaoandika historia ya viwanda huyatupia jicho moja tu. Lile duka la vitambaa ambalo kila mtu ana kona yake, usiwaketishe wazee pamoja kwanza ili wakubaliane. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechora ramani, hasa kama alikuwa mnyapara, na wengine watamfuata kama walivyomfuata zamani. Mpe kila mtu karatasi yake tupu. Mwambie achore njia yake ya kutoka nyumbani hadi getini, na kila kitu alichokipita. Asichore mtaa kama unavyoonekana kutoka juu. Achore alivyotembea.

Utagundua kitu. "Mkono wa kushoto" wa anayetoka stesheni ni mkono wa kulia wa anayetoka nyumba za wafanyakazi. Wa zamu ya asubuhi alilikuta duka limefungwa, kwa hiyo analikumbuka kwa mlango wake. Wa zamu ya mchana alilikuta wazi, analikumbuka kwa bidhaa zilizotundikwa nje. Na maduka huhama. Mwenye duka akihamia jengo la pili kwa sababu ya kodi, jina humfuata, na mtaa mzima huendelea kusema "kwa fulani" bila kujali ni jengo lipi. Duka lenye kona nne linaweza kuwa kweli lilikuwa kwenye kona tatu kwa nyakati tofauti. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Ukishazipata karatasi zote ndipo uwakusanye, uziweke mezani, na uwashe kinasa sauti. Ugomvi utakaofuata ni mahojiano bora kuliko utakayoyapanga.

Baada ya hapo nenda kwenye hati, na hapa nina mambo kadhaa ambayo huenda hukuyafikiria. Kampuni za bima ya moto zilihitaji kujua jengo lipi linaweza kuwaka na linapakana na nini, hivyo zikachora miji kwa undani ambao serikali hazikujisumbua nao. Marekani kuna ramani za kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa 1867: jengo la matofali limepakwa waridi, la mbao manjano, la mawe buluu, la chuma kijivu, na ndani yake imeandikwa shughuli inayofanyika. Charles Goad alifanya kazi kama hiyo Kanada na Uingereza. New York walipiga picha kila jengo la jiji kati ya 1939 na 1941 kwa ajili ya kodi, na leo mtu anaweza kumwona babu yake amesimama mlangoni mwa duka, kwa sababu mpiga picha hakumwomba apishe. Uliza katika mji wako nani alihitaji kujua majengo: bima, ofisi ya kodi ya ardhi, zimamoto, kampuni ya umeme, kampuni ya maji. Aliyetuma bili alijua anwani.

Vitabu vya orodha ya simu na biashara ni vizuri, lakini vina ujanja wake. Habari zilikusanywa kabla ya kuchapwa, kwa hiyo duka lililofungwa mapema mwaka huu linaweza kuendelea kuishi kitabuni hadi mwaka unaofuata. Mzee akikuambia "hapana, wakati huo lilikuwa limeshafungwa" na kitabu kikasema lipo, usikimbilie kukiamini kitabu. Na tembea ukitazama juu. Matangazo yaliyopakwa moja kwa moja kwenye kuta za matofali, hasa kwa rangi za zamani zenye risasi, huishi kuliko duka na kuliko mwenye duka. Mvua ikilowesha ukuta, herufi hujitokeza vizuri zaidi, kwa hiyo beba kamera siku ya mvua.

Hati ninayoiombea zaidi uipate ni daftari la madeni. Wale akina mama wa nyuma ya kiwanda walikopesha. Waulize kama kuna hata daftari moja lililobaki kwenye sanduku. Ndani yake utaisoma afya ya kiwanda kuliko ripoti ya mwaka ya wakurugenzi: tarehe za malipo zinazoanza kuchelewa siku tatu, kisha wiki, kisha majina yanayopigwa mstari bila kulipwa. Mwenye duka alijua kiwanda kinaumwa kabla mfumaji hajajua, kwa sababu mshahara ulipita mikononi mwake. Lakini uliza pia upande mchungu. Kuna viwanda vilivyokuwa na maduka yao na kuwalipa watu kwa bidhaa au sarafu za kiwanda badala ya fedha, hadi Uingereza ikatunga sheria ya kupinga jambo hilo mwaka 1831. Duka jirani na geti linaweza kukumbukwa kwa upendo na mmoja, na kwa uchungu na mwingine aliyekuwa ameshaliwa mshahara wake kabla hajaupokea.

Usisahau vyuma. Mtambo wa zamani una kibati chenye jina la mtengenezaji na namba. Ukikuta hata kipande kimebaki, kipige picha karibu. Kampuni ya Platt Brothers ya Oldham iliuza mitambo ya nguo pembe nyingi za dunia, na namba iliyogongwa kwenye chuma inaweza kukupeleka mwaka mtambo ulipotengenezwa. Tofali lina mhuri, chupa ina maandishi yaliyochomoza, mfuniko wa mtaro una jina la kiwanda kilichoutengeneza. Ndani ya nyumba kuna kadi za kazi, hati za mshahara, saa ya utumishi wa muda mrefu, nguo ya kazi iliyofunikia kitu stoo.

Picha za kiwanda chenyewe zitazame kwa makini. Zilipigwa kwa ajili ya wenye kiwanda: sakafu imefagiliwa, mitambo imesimama, vumbi halipo. Lakini zina nguvu ya aina nyingine. Kule Manchester ya New Hampshire, Marekani, kiwanda cha nguo cha Amoskeag, kilichowahi kuajiri watu wapatao 17,000, kilikufa kati ya 1935 na 1936. Miaka ya 1970 mwanahistoria Tamara Hareven alipoanza kuwahoji waliofanya kazi pale, wengi hawakuona kwa nini mtu ajali maisha yao. Yalipofanyika maonyesho ya picha za majengo yale, watu walikuja, wakayaona, na kisha wakaanza kuzungumza. Walihitaji kwanza kuonyeshwa kwamba jambo lao lina thamani mbele ya macho ya wengine. Ukiweza, bandika picha kumi ukutani mahali wazee wanapokutana, uache na kalamu karibu ili waandike majina. Kisha angalia nani hayumo kwenye picha za pamoja: mara nyingi ni wanawake wa usafi, vibarua, na watu wa zamu ya usiku.

Hapo nafika kwenye swali lako la mwisho, kama hizi ni hadithi tu. Hapana, na sababu moja ni nzito. Kumbukumbu za kiwanda kilichokufa hupenda kuacha vumbi nje. Watu hukumbuka urafiki, king'ora, siku ya mshahara, timu ya mpira ya kiwanda. Vumbi la pamba lilileta ugonjwa wa mapafu ambao wagonjwa waliujua kwa siku: kifua kilibana Jumatatu, baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Muulize baba kuhusu Jumatatu. Muulize polepole.

Na kuna viwanda ambavyo vumbi lake linaendelea kufanya kazi baada ya geti kufungwa. Casale Monferrato, Italia, kiwanda cha Eternit kilitengeneza bidhaa za saruji na asbesto, madini ya nyuzi yasiyoungua, kuanzia 1907 hadi 1986. Saratani inayosababishwa na asbesto inaweza kuchukua miaka 20, hata 40 na zaidi, kujitokeza, kwa hiyo watu wa mji ule waliendelea kufa miongo mingi baada ya mitambo kunyamaza, wakiwemo ambao hawakuwahi kuvuka geti, wake waliofua nguo za kazi nyumbani. Kampuni ikishavunjwa na mafaili yake kutawanyika, mgonjwa atathibitishaje kwamba alikuwa idara fulani, mwaka fulani, karibu na mtambo fulani? Kwa mwenzake anayekumbuka. Ndiyo maana nakusihi, katika kila mahojiano andika idara, zamu, msimamizi wa karibu, na majina ya waliosimama kulia na kushoto. Hayo unayoyaona madogo yanaweza siku moja kuhitajika na familia ambayo bado hujaijua. Kwa sababu hiyohiyo, muombe kila mtu ridhaa yake kwa maandishi, na mweleze rekodi itakaa wapi na nani ataisikia. Kuna mambo atakayokupa wewe asiyotaka jirani ayasikie.

Basi nimwamini nani? Swali hilo ligeuze: namwamini kwa lipi. Mfumaji mwamini kuhusu mtambo, joto, kelele na nani alimpenda nani. Usimtwike habari za madeni ya wenye kiwanda. Gazeti liamini kwa tarehe, lakini kumbuka kwamba mara nyingi mwandishi aliongea na ofisi ya meneja na hakufika kwenye benchi la mapumziko. Karani mwamini kwa hesabu. Mwenye duka mwamini kwa mshahara. Na pale wanapopingana na huna njia ya kuamua, andika zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema na mahali aliposimama siku hiyo. Usiwafanyie wastani. Kona mbili zilizoandikwa wazi zina faida kwa atakayekuja baadaye kuliko kona moja uliyoichagua wewe kwa sababu ilikupendeza.

Neno moja kuhusu baba. Mtoto akimhoji mzazi, kuna milango ambayo haifunguki. Hatakusimulia siku aliyolia, wala siku aliyomgeuka mwenzake wakati wa mgomo, kwa sababu wewe ni mwanawe na anataka ubaki na sura fulani. Mwombe rafiki yako unayemwamini, au binamu, amhoji baba kuhusu mgomo ule bila wewe kuwepo, saa nzima. Kisha wewe keti naye, mwache asimulie tena kwa mpangilio wake na mwaka wake, hadi atakapomaliza mwenyewe. Muulize nini kilitokea kati ya mgomo na kufungwa. Usiruke miaka ile minne. Huenda ndiyo aliyotaka isiwepo.

Baada ya hapo, mtolee gazeti. Usimwambie amekosea. Liweke mbele yake, mpe miwani, na uache kinasa sauti kikiwa kimewashwa.